Siku Niliyomwomba Fundi Viatu Aniharibie Kazi

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na ninyi mnaonijua mmenisikia nikiwasimulia aibu nyingine ndogo ndogo (ile ya tai yangu kuzama kwenye bakuli la supu, kwa mfano) ili tu hii kubwa isije ikaulizwa. Leo naitoa. Mimi, Wekesa, mtu mwenye digrii, niliyekuwa navaa kalamu tatu mfukoni ili watu wajue nimesoma, niliwahi kumsihi fundi viatu wa Soko la Toi aharibu mitambo ya ofisi yetu, naye akaiharibu, na kosa lake lilikuwa moja tu: aliijua kazi yake kuliko nilivyoijua yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Niliajiriwa na shirika dogo la kufundisha vijana ufundi, ofisi ikiwa Kawangware upande wa Riruta Satellite, na kituo cha mafunzo kikiwa Kibera, pale Mashimoni. Wafadhili walitupa ruta mbili, yaani masanduku ya chuma ya kupitisha habari kutoka kompyuta za mahali hapa hadi za mahali pale kwa laini ya simu, nami ndiye niliyeziunganisha, moja Kawangware na nyingine Kibera, ili barua ikiandikwa huku isomwe kule papo hapo. Leo hata mtoto atakucheka ukimwambia hilo lilikuwa jambo, lakini wakati ule nilitembea Mashimoni kama mtu aliyeleta mvua.

Kilichokuwa kikininyima raha ni mtihani wa uhandisi wa mitandao. Nilikuwa nimepita ule wa kuandika, ukabaki wa maabara, unaofanyiwa ng'ambo kwa siku mbili, na habari zake nilizozisikia zilinitoa jasho. Siku ya kwanza unapewa rundo la ruta na kebo ujenge mtandao mzima, na ukishindwa unaambiwa jioni ileile uchukue koti lako, kesho usirudi. Ukipona, siku ya pili unamalizia, kisha unatumwa nje ukale chakula cha mchana, na wewe ukitafuna (kama unaweza kutafuna) mtahini anaingia chumbani mwako kimya kimya, anaharibu kitu hapa na pale, halafu anakuita: tafuta. Hakwambii ameharibu nini. Anakaa tu na saa yake.

Mkurugenzi wetu, Bi. Ndunge, mama wa Machakos asiyependa maneno mengi, aliahidi kwamba shirika litanipeleka. Barua ya kunidhamini alikwisha kuichapisha. Angeitia sahihi Jumatano, wageni wa wafadhili watakapokuja kuona barua ikitoka Kawangware hadi Kibera. Alinipa pia ufunguo wa chumba cha mitambo cha Kibera akaniambia, "Mtu akiingia humo bila mimi kujua, wewe na yeye mtatoka pamoja."

Basi nikawa nafanya mazoezi kila siku, kujenga na kubomoa, lakini ile sehemu ya kuharibiwa ilinishinda, kwa sababu huwezi kujificha mwenyewe kisha ukajitafuta. Nilihitaji mtu wa kuniharibia. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo.

Mutinda na mimi tulikuwa tumepanga ukuta kwa ukuta Mashimoni nilipokuwa mwanafunzi. Mtu wa Kitui, mpole, mshirika wa kanisa, akishona viatu Toi. Kiatu akikushonea, baadaye unaviangalia vyote viwili na kubishana na mkeo ni kipi kilichopasuka. Tena alikuwa fundi wa ajabu: akikwambia njoo Alhamisi, Alhamisi kiatu kiko tayari. (Wenye kuwajua mafundi wataelewa nasema nini.)

Jumamosi mchana, kituo kimefungwa, nikamwingiza.

"Niaje, injinia. Ati niharibu?" akauliza, akiziangalia zile taa za kijani.

"Haribu."

"Kitu kizima?"

"Kitu kizima, lakini padogo. Na usiniambie ni wapi hata nikikulilia, mpaka niseme kwa mdomo wangu kwamba nimeshindwa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe! Maisha yangu yote watu wananiletea kitu imeharibika nitengeneze. Wewe ndio wa kwanza kuniletea nzima."

Mara ya kwanza nilitoka, nikahesabu hadi mia mbili, nikarudi: alikuwa amechomoa waya wa umeme. Niliona kabla sijakaa. Mara ya pili alibadilisha kebo mbili, hii ikaenda pale na ile hapa. Dakika nne. Nikajisikia mkubwa, na mtu akijisikia mkubwa mdomo hufunguka wenyewe.

"Mutinda, hata nyanya yangu angeharibu kuliko hivi. Haribu kama adui!"

Akaniangalia kidogo. "Kama adui?"

"Kama adui."

"Basi leo usikimbie. Kunywa chai pole pole."

Nikaenda kibandani nikanywa vikombe viwili. Niliporudi alikuwa amekaa, anajifuta mikono kwa kitambaa, na chumba kinanuka gundi (nikajiambia fundi viatu hunuka gundi, kuna ajabu gani). Nikakaa kwenye skrini. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nikajaribu hili, nikajaribu lile, Kawangware inaitika kama kawaida.

"Umeshindwa kuharibu?" nikamwuliza, nikicheka.

"Wewe umeshindwa kutafuta?"

"Nishindwe na nini, na mtandao uko sawa?"

"Haya, injinia. Sawa." Akachukua mfuko wake akaenda, na ule mdomo wake ulikuwa na tabasamu ambalo nililiona, nikaliacha lipite.

Jumatatu mtandao uko sawa. Jumanne uko sawa. Jumatano asubuhi, wageni wakiwa njiani, nikaona ile kebo nene nyeusi inayotoka kwenye ruta kwenda kwenye kisanduku cha simu imelala mezani kama nyoka, haipendezi, nikaikunja vizuri, nikaifunga kwa uzi, nikaisukumia nyuma ya meza. Napenda unadhifu. Nusura unifukuzishe kazi.

Wageni walikuwa watano. Walijipanga mbele ya kompyuta, Bi. Ndunge kando yao na mkoba wake (barua ikiwa ndani), na dirishani wamejaa akina mama wa foleni ya maji, mitungi imewekwa chini, maana kioski cha maji kilikuwa hapohapo nje na sinema ya bure haikosi watu. Nikampigia simu Akinyi, karani wetu wa Kawangware.

"Akinyi, tuma."

"Nimetuma."

Hakuna kitu. Nikageuka kuiangalia ruta. Taa ya kijani ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima kabisa.

"Akinyi, tuma tena."

"Wekesa, nimetuma mara tatu. Unataka niilete kwa miguu?"

Akina mama dirishani wakacheka. Nikachapa amri, nikasoma, nikachapa, nikazima nikawasha, nikafuta mipangilio yote nikaiandika upya, na mambo yakabaki vilevile. Nikatangaza kwamba tatizo ni laini ya simu. Bi. Ndunge akachukua mkono wa simu, akaunganisha laini ile na simu ya kawaida, akasikiliza, akaniwekea sikioni. Laini ilikuwa nzima, inalia vizuri kama nyuki.

Hapo ndipo lile tabasamu la Mutinda liliponirudia akilini. Alikuwa ameharibu! Mahali fulani humu ndani, tangu Jumamosi, palikuwa na kitu ambacho Mutinda alikifanya kama adui, na mimi ndiye niliyemkataza kusema mpaka nikubali kushindwa. Na kumwita ilikuwa ni kusema kwamba nilimwingiza. Ufunguo ule mfukoni ulinichoma paja kama kaa la moto. Nikasimama pale kati ya aibu mbili nikichagua ndogo, na kila nikizipima, zinabadilishana.

"Nakimbia kuleta kifaa maalumu," nikasema.

Nikatoka mbio na suti yangu, nikapita matope na mitumba yote ya Toi, nikamkuta amemshika mtu kisigino anampima soli.

"Mutinda, nimeshindwa!"

Akainua macho bila haraka. "Injinia, siku nne? Nilingoja mpaka nikaanza kukuombea."

"Twende. Na wakikuuliza, wewe ni mtaalamu wa kebo."

Alichukua kisu chake, kopo la gundi na uzi wa nta.

Wageni walimpisha kwa heshima, aproni na yote. Akainama nyuma ya meza, akaifungua kebo niliyoikunja, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, akasimama. "Hapa." Sisi sote tukatazama. Hapakuwa na kitu. Akaweka kisu, mgeni mmoja akashtuka, ganda la kebo likafunguka pale pale kwenye mkato ambao hakuna jicho lililouona, maana Jumamosi ile alilipasua kwa urefu, akakata uzi mmoja mwembamba wa shaba ndani, akaacha ncha zigusane, akalirudisha ganda kwa gundi na kulipaka rangi nyeusi ya viatu. Ikilala, inapitisha. Ikikunjwa, inakatika. Akazisokota ncha, akafunga, akashona ganda kwa mshono wa kiatu. Taa ikawaka na kubaki imewaka. Akinyi akatuma, barua ikafika, watu wakapiga makofi, akina mama dirishani wakapiga vigelegele, nami kwa sekunde kama tatu nikaamini Mungu amenipitisha.

Ndipo mgeni mmoja mrefu mwenye miwani akamnong'oneza Bi. Ndunge, naye akamgeukia Mutinda. "Mgeni anauliza, ulijuaje ni hapo?"

Nilikuwa nyuma yao wote. Nikamtikisia Mutinda kichwa, nikakunja mikono kama mtu anayesali. Aliniona. Akaniangalia kwa huruma, yule mtu asiyedanganya hata kuhusu Alhamisi, akasema, "Ni mimi nilikata, mama. Injinia alinituma."

Bi. Ndunge akaacha Kiswahili akamwuliza kwa Kikamba, naye akajibu kwa Kikamba, kirefu, akionyesha kwa mikono kikombe cha chai, kisu, na kitu nilichokitambua kuwa ni mimi nikicheka. Sikuelewa neno. Nilisikia tu jina langu, mara tatu, na kila mara lilitua kama hukumu. Kisha mama yule, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, mabega yakaanza kumtikisika.

"Wekesa," akasema kwa Kiswahili, ili dirisha zima lisikie, "mtahini wako amekupa alama ngapi?"

Mutinda alifikiri kwa uaminifu. "Alijaribu, mama. Lakini kebo hakushika hata mara moja. Alikuwa anaangalia tivii tu."

Nilirudisha ufunguo papo hapo. Barua haikutoka mkobani siku ile, wala mwaka ule. Kazi sikufukuzwa, ila kwa miezi mingi ilinibidi nipite kwenye foleni ile ya maji, na kila asubuhi sauti moja ilikuwa inaniuliza, "Injinia, fundi wako yuko?" Chumba cha mitambo kikapata kufuli la pili, na kebo zote za shirika zikawa zinatengenezwa na Mutinda, Alhamisi.

Nilipelekwa mtihanini baadaye sana. Siku ya pili, baada ya chakula ambacho sikukila, niliingia chumbani na kabla sijagusa kibodi nikapiga magoti, nikaanza kupitisha kidole gumba juu ya kila kebo. Mtahini alinitazama, akatazama saa, akanitazama tena. Ya sita ilikuwa imelegezwa. Nilibaki nimepiga magoti pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Nilipita, ndiyo, kwa alama chache mno ambazo sitazitaja. Lakini tangu Jumatano ile nina nadhiri: fundi akija kwangu, awe wa mabomba, wa paa au wa kiti, namwambia atengeneze tu, na akikosea namshukuru. Neno "haribu" sijalitamka tena mbele ya mtu anayeijua kazi yake.