Neno Nililolikosea Mahajanga

Mwaka ule niliacha kufundisha shule ya watoto kisiwani Nosy Be, na sikuweza kukaa kitako. Nikiketi nainuka. Nikifua naacha nguo kwenye beseni, naenda hadi barabarani, narudi. Shangazi yangu, aliyekaa Unguja miaka mingi akisaidia wakunga hospitalini, alichoka kuniangalia.

"Kama huwezi kutulia, basi jifunze kitu huku unatembea," akaniambia.

Nyumbani tulisema Kimalagasi, na Kikomoro wakija jamaa. Shuleni ilikuwa Kifaransa kitupu. Kiswahili nilikuwa nacho kwa shangazi tu, na Kiingereza nikakipata kwake pia. Maneno ya kawaida tuliyamaliza upesi, akaanza kunipa kwa Kiingereza majina ya mambo yasiyoshikika: upweke, tahadhari, majuto. Alitaka maana kwanza, kisha mfano wa maishani mwangu. Nikitoa wa kitabuni, ananirudisha mwanzo. Nilijifunza nikizunguka uani. Mengi yalifanana na ya Kifaransa, na hayo niliyaruka, nikiona nayajua tayari.

Tukasikia kwamba wakala mmoja wa meli huko bandari ya Mahajanga, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, anatafuta karani anayejua Kiingereza. Wiki hiyohiyo nikasafiri, nikafikia kwa binamu yangu.

Wakala alikuwa mzee mwenye sauti ya chini. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini niliacha ualimu. Sababu ilikuwa moja: nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa kwetu aliyehamia Mahajanga, na tulipokuwa tukijiandaa kwa harusi nikasikia ana mke huko. Sikutaka kueleza yote hayo. Nikajibu kwa ufupi kwamba nilipata "deception" kubwa.

Akaweka kalamu chini. "Nani alikudanganya?"

"Hakuna, bwana. Nilitarajia jambo, halikuwa."

"Basi hilo ni 'disappointment', kuvunjika moyo. 'Deception' ni udanganyifu: mtu anaujua ukweli, anakuficha. Kifaransa, ambamo neno hilo ni kuvunjika moyo, ndicho kinachokuponza."

Akaniambia nirudi Jumatatu, nikiwa nimeyapitia upya maneno yote yanayofanana na ya Kifaransa.

Nilitoka nikaanza kutembea tu, bila kujua naenda wapi. Kila hatua nililirudia swali lake. Miezi yote ile nilijiambia kwamba moyo wangu umevunjika, kana kwamba ni mvua iliyokosa kunyesha, haina wa kulaumiwa. Miguu ikanifikisha Tsaramandroso, mtaa aliokuwa akikaa yule kijana. Nilimkuta mbele ya nyumba akitengeneza baiskeli. Ndani, mkewe alikuwa akizungumza na mtoto, na mtoto alikuwa anajibu.

"Ulipokuja na wazee wako kunichumbia, ulikuwa umeshaoa?" nilimuuliza kwa Kimalagasi.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ndiyo."

"Wazee walijua?"

"Hawakujua."

"Ungeniambia, ningekuwa na la kuamua."

Akaigeukia baiskeli yake. Nilikuwa na maneno mengine mengi, lakini mtoto alitoka akamshika mguu, nikaondoka kwa haraka, karibu nikimbie. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira ile, ajabu, ilinipa nafuu.

Hadi Jumatatu nilizunguka chumbani kwa binamu yangu nikirudia maneno, mpaka akanitolea mkeka nje. Wakala aliponiona aliuliza tofauti ya 'disappointment' na 'deception'.

"La kwanza ni hali iliyonipata," nikasema. "La pili ni kazi ya mtu."

"Ya mtu gani?"

"Nimeshaonana naye, bwana."

Akanionyesha meza yenye mashine ya kuchapa, karibu na dirisha la ghala.

Nilifanya kazi pale miaka kadhaa, na utulivu sikuupata. Mchana wenzangu wakilala kidogo, mimi nilitoka na neno jipya nikalizungusha gatini, midomo ikicheza. Siku moja mpagazi mmoja alinisimamisha kwa adabu, akaniuliza ni uradi gani wa kumtaja Mungu ninaousoma, ili naye ajifunze.