Makaburi Yaliyozaa Maboga

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu hapa Lipingo, kando ya ziwa, mama mkwe alinipa kipande cha mteremko nyuma ya nyumba, na sharti lake: msimu mmoja tu. Kisipotoa chakula, anakirudisha kwenye muhogo wake, na mimi nitalima kwa kumfuata yeye, jembe nyuma ya jembe. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba wanawake wa Mbinga wanajua kahawa, na kahawa hailiwi ikakushibisha.

Neno lile lilinichoma. Nikalima kama nilivyofundishwa kwetu Umatengoni, huko Mbinga, kwa ngoro. Unafyeka nyasi, unazilaza miraba miraba, unazifukia kwa udongo unaouchimba katikati, mpaka mteremko mzima unakuwa mashimo na matuta. Maji ya mvua yanatuama shimoni, nyasi zinaoza ndani ya tuta, udongo haukimbilii ziwani. Mimi niliona shamba zuri. Majirani waliona makaburi. Walipita wakanipa pole, wakauliza msiba ni wa nani, na mmoja akayapiga picha kwa simu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Nilinuna siku mbili. Kutaniwa sikuwezi, nakiri.

Juu ya matuta nilipanda maharage na mahindi, na pembeni mbegu za maboga nilizotoka nazo kwetu zimefungwa kwenye pindo la khanga.

Yalizaa, jamani. Yalitambaa mpaka ukutani mwa jiko. Tulianza na majani machanga, nayatoa nyuzi, nayaunga kwa karanga, mengine nikayaanika. Maua nayo tuliyala. Yaliyokomaa niliyavuna na vikonyo vyake, maana boga lisilo na kikonyo linaoza upesi, nikayapanga darini. Mama mkwe alikula. Siku moja tu alisema boga ni la kuwatuliza watoto wakati ugali unasongwa.

Ikafika zamu yetu ya kupokea na kulisha jumuiya ya kanisa. Mwezi ulikuwa umejaa, na usipa, dagaa wa ziwa hili, hawavuliwi kwenye mbalamwezi, taa haziwavuti. Mitumbwi ilikuwa imerudi mitupu siku ya tatu mfululizo. Mama mkwe alisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, watu wanakuja baada ya sala na kitoweo hakuna.

"Mkwe, leo tunaaibika."

"Mama, niachie jiko."

Nikapanda darini. Boga moja nililichemsha nikaliponda na karanga za kutwanga. Lingine nililipikia uji, kwa wazee wasio na meno. Mbegu nilizokuwa nimezikausha nilizikaanga, nikazitwanga, nikapata mchuzi mzito, nikatia humo yale majani makavu, ukateremshia ugali wa muhogo. Watu walifuta sahani kwa vidole. Mzee mmoja akaniuliza kitoweo kile ni samaki gani.

"Ni yale makaburi yangu, baba," nikamjibu, na sijawahi kujibu swali kwa raha kama ile.

Wageni walipoondoka mama mkwe hakunisifu. Aliosha vyombo nami, akaenda kulala.

Msimu uliofuata nilimkuta kwenye mteremko kabla yangu, jembe begani.

"Mkwe," akasema, "nionyeshe kaburi linavyochimbwa."

Nikatangulia mimi. Yeye akafuata, jembe nyuma ya jembe.