Mmea Uliokataliwa na Mbuzi wa Lemein

Saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba mpya za Kitengela, Lemein Metito amepiga magoti mbele ya kichaka kifupi. Anachuma majani matano, anayatia kwenye mfuko wenye punje za kukaushia, anaandika namba. Uso wake una uzito wa daktari anayetoa damu. Mgonjwa hana habari.

Anaharakisha. Jumatatu, papo hapo panachimbwa shimo la choo, na vichaka vya aina hii vinavyojulikana ni kumi na kimoja tu, vyote ndani ya ploti hii.

Lemein, 48, alichunga mbuzi Mashuuru kabla ya kuajiriwa mwaka 1998 kuwakusanyia watafiti mimea, kwa shilingi 250 kwa siku. Wenye digrii waliona kichaka hiki ni kile kile kilichojaa kando ya barabara ya Namanga. Lakini mbuzi wake, aliokuwa akiwaleta malishoni huku Kitengela nyakati za ukame, walikula kile cha barabarani. Hiki walikinusa, wakapita.

"Niliwaambia hii ni mimea miwili. Wakaniuliza, ushahidi uko wapi? Nikasema, mbuzi. Walicheka mpaka chai ikapoa."

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Dkt. Mbeke Ndeti, wa maabara moja jijini Nairobi. Alimwomba majani ya aina zote mbili alinganishe vinasaba, yale maandishi ya ukoo yaliyomo ndani ya kila kiumbe.

Mwaka 2005 Lemein aliyapeleka, yamekauka vizuri ajabu. Aliyatundika juu ya meko, jinsi kwao wanavyotunza mizizi ya dawa. Joto na moshi vilikuwa vimeharibu kila kitu.

"Mzee, umeniletea nyama choma!" Mbeke alimwambia.

"Basi tafuta kachumbari, daktari."

Alijibu hivyo, ila anakiri kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akashindwa kula. Ndipo alipofundishwa kutumia punje za kukaushia, akachuma majani upya.

Mwezi jana, miaka miwili baadaye, majibu yalitoka. Vichaka vyote kumi na kimoja vilifanana vyenyewe kwa vyenyewe, vikatofautiana na vya barabarani katika sehemu tatu za vinasaba. Hata maua, yalipopimwa upya, yalitofautiana. Mbuzi hawakuombwa radhi.

Hata hivyo, ili kuueleza mmea huu kikamilifu na kuupa jina, Mbeke anataka tunda. Tunda ni baada ya wiki sita.

Mwenye ploti, karani Obura, anafika na fundi.

"Sopa, mzee," anamsalimu Kimaasai. "Kwa hivyo mimi nikae bila choo kwa sababu ya majani?"

"Bwana Obura, choo unaweza kujenga hata Kimana. Hii iko hapa tu, dunia nzima hatujaiona kwingine."

Obura anakitazama kichaka, anamtazama fundi. Kisha anang'oa mwenyewe vigingi vya kupimia shimo na kuhesabu hatua ishirini kuelekea ukutani.

"Mke wangu akiuliza, utamweleza wewe."

Lemein anapanga kupeleka matunda machache maabara, mbegu nyingine azioteshe kwenye mikebe nyumbani. Kwa sasa anakata miiba azungushe boma. Namuuliza kama ni kuzuia mbuzi.

"Mbuzi hawana neno nayo," anasema, akivuta tawi. "Hii boma ni ya watu."