Mama wa Pasi ya Makaa

Katika nyumba ya wageni ninayofikia Mangobo, yupo mama anayenyoosha nguo kwa pasi ya makaa. Huanza na kola, humalizia mikono, kisha hujifuta jasho la shingo kwa kitambaa kilekile cha kulowanishia nguo. Jioni humwaga makaa mchangani, huyamwagia maji, hutoka hadi barabarani, halafu hurudi kuyatazama. "Moto iko ndani yako, mama, haiko ndani ya pasi," mpishi humtania. Yeye hucheka kwa uchovu, na bado hurudi.

Jana alirudi mara nyingi mno, dereva wa pikipiki ya kumpeleka nyumbani akachoka kumngoja, akaondoka. Mama akaketi, mkono kifuani. "Tangu damu ya mwezi ilikatika, papa, moyo iko nakimbia bure. Na inazidi. Naona nyumba iko naungua, batu ndani, wageni wote." Akanisogezea pasi. "Gusa. Iko baridi?"

"Iko baridi, mama."

"Sema tena."

Nikasema tena. Leo jioni alipofika getini aligeuka. Akaniona dirishani nimeipakata ile pasi, kiganja changu kimetulia juu ya chuma. Akapanda pikipiki.