Mistari ya Chaki Chini ya Rujewa

Asubuhi za Juni baridi ya Mbeya huingia hadi kwenye mifupa, na chumba cha simu kilikuwa na sakafu ya saruji tupu. Ndiyo maana Atuganile, mama wa watoto sita aliyeishia darasa la nne, alikuwa akiingiza jiko la mkaa kwa siri na kulisukuma chini ya ubao wa simu, birika la chai likiwa juu yake. Ilikuwa marufuku. Lakini nani angeinama kuchungulia huko?

Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Kila laini ilikuwa na tundu lake na kilango kidogo cha bati. Mtu akipiga, kilango kinaanguka, naye anachomeka waya. Mwezi ule vilango vikaanza kuanguka ovyo. Anachomeka, anasema "Haloo," anasikia mkwaruzo tu.

Bwana Crispin, mkuu wake, akampa chaki. "Mama Sekela, kilango kikianguka bure, chora mstari chini ya tundu lake. Tutaijua laini mbovu."

Tundu la laini ya Rujewa likapata mistari mingi. "Ni ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kule," Atuganile akasema, kama alivyosikia sokoni. "Wanajikuna kwenye nguzo." Crispin akapeleka habari, na katibu wa kijiji kule Rujewa akamwamuru mfugaji mmoja, Malimi, ahame na boma lake kabla ya wiki kwisha.

Lakini matundu ya jirani nayo yakaanza kujaa mistari: bohari, gereji, misheni, safu yote ya chini. Safu ya juu haikuwa na hata mstari mmoja. Atuganile akautazama mvuke wa birika ukipanda na kulowesha ile safu ya chini, akaelewa kinachoangusha vilango. Akawaza kazi yake, akawaza watoto. Akafuta mistari ya majirani kwa upindo wa khanga, akaiacha ya Rujewa peke yake.

Kesho yake Malimi akaja mwenyewe, kijana mrefu, akitetemeka kwa baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuona ubao unaowajua ng'ombe wangu."

Crispin akacheka, akamwonyesha mistari ya chaki. Malimi akaitazama. "Kumbe wana akili! Wameziacha nguzo za watu wote, wakachagua za Rujewa tu." Kisha akasema polepole, "Mpunga wangu bado uko shambani. Nikihama sasa, wanangu watakula nini?"

Atuganile akainama, akalivuta jiko mbele yao.

"Mama Sekela!" Crispin akashtuka.

"Si ng'ombe. Ni mvuke wangu. Matundu haya mengine nayo yalikuwa na mistari, nikaifuta."

"Uliifuta? Na mimi nimeshampa katibu neno langu!" Akaunyooshea waya kidole. "Mpigie wewe. Kwa mdomo wako."

Malimi hakufoka, afadhali angefoka. Aliuliza tu, "Mama, uliwahi kuwaona hao ng'ombe?"

"Hapana, baba."

Akachomeka waya. Katibu alipoitika, akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ni wa simu, Mbeya. Nimemsingizia Malimi. Ng'ombe wake hawana kosa."

"Nani kasingizia?" katibu akauliza. "Sema kwa nguvu, sisikii!"

Akarudia kwa sauti kubwa, Malimi akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.