Ahadi Niliyoitoa kwa Mshiriki wa Nne

Katika fomu ya ridhaa ya utafiti wangu niliandika kwa Kiingereza kwamba ushiriki utakuwa anonymous. Ningeweza kuandika confidential. Nilichagua la kwanza kwa sababu lilionekana la kisomi zaidi. Nilipowasomea fomu wanawake saba kwa Kiswahili, nilitoa ahadi moja tu: hakuna atakayewajua.

Walikuwa vibarua wa kiwanda cha kufungasha maparachichi, upande wa Iyunga, Mbeya. Tulikaa kwenye mabenchi nyuma ya ghala baada ya zamu. Kabla ya kuanza nilizungusha karatasi ya mahudhurio, kama inavyozungushwa katika kila kikao nilichowahi kuhudhuria: namba, jina, simu, sahihi. Sikufikiri. Wao pia hawakuuliza. Waliandika na kupokezana kalamu. Karani wa ofisi aliomba nakala kwa ajili ya faili, nami nikampa.

Aliyejaza mstari wa nne alisema ana mimba ya miezi minne. Alikuwa akiificha chini ya koti la kazi, maana kibarua akijulikana ana mimba, wiki inayofuata haitwi. Wenzake walimwambia tumbo likionekana asingizie maparachichi anayokula kwa siri. Alicheka nao.

Nilirudi chuoni Iringa, nikaandika yote waliyosema. Kila mmoja nilimtaja kwa namba, na namba hizo nilizichukua kwenye karatasi ileile, kwa mpangilio uleule. Jumatatu asubuhi nilituma muhtasari kiwandani, kwa meneja, kama nilivyoahidi nilipoomba kibali. Mchana wake msimamizi wangu wa tasnifu, mama mpole anayesoma na penseli mkononi, alizungushia duara neno moja, akaniuliza kama nawafahamu wanawake hao. Nikasema nawafahamu.

"Basi si anonymous," alisema. "Anonymous ni pale ambapo hata wewe huwezi kumtaja. Hii ni confidential. Unamjua, na kunyamaza ni kazi yako. Umenyamaza?"

Nilikuwa nikiona muhtasari wangu na nakala ya karani vimelazwa pamoja juu ya meza, na kidole kikishuka hadi mstari wa nne.

Alfajiri iliyofuata nilipanda basi la Mbeya. Hadi Makambako nilikuwa nimefungua barua pepe mara nyingi, nikitafuta namna ya kurudisha kilichokwishafika. Nilijiuliza kama meneja husoma viambatanisho. Kisha nikajiuliza ni mtafiti wa namna gani anayeomba asisomwe.

Nilimkuta yule wa mstari wa nne getini wakati wa mapumziko ya chakula. Nilimweleza yote kwa mpangilio, bila kujitetea. Aliuliza kama nimeandika jina lake. Nikasema hapana, namba tu.

"Na ile karatasi tuliyosaini, wanayo?"

"Wanayo."

Alifunga kontena lake la chakula, hakula tena. "Ngoja nikamwambie meneja mwenyewe kabla hajasoma. Akisikia kwangu, labda ataona haya."

Nilisema nitamsindikiza.

"Wewe baki hapa, dada. Umeshasema vya kutosha."

Nilisimama pale getini kama nusu saa, nikipanga sentensi za kumwomba radhi na kuzipangua. Aliporudi hakuniangalia. Meneja alikuwa amemwambia amalize wiki hiyo. Kuhusu wiki ijayo, watampigia simu. Kisha aliniomba nifute maneno yake kwenye tasnifu. Niliifungua kompyuta mpakato nikayafuta mbele yake, aya nzima.

Jumapili mchana nilimpigia kuuliza kama wameshamwita. Alisema bado, akaniomba nikate haraka nisije nikaiziba laini. Huenda muda huohuo walikuwa wakijaribu kumpata.