Wati Mia Mbili Mlimani Kwale

Mwokoaji wa bwawa la hoteli moja ya Diani akipanda baiskeli haangalii barabara. Huangalia kidude alichoachiwa na mgeni Mjerumani, kinachopima nguvu za miguu. Kisizidi wati mia mbili, asije akafika kwenye mbio za mwisho miguu imekwisha. Siku ya mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, mlimani Kwale, alipitwa na mama mwenye mzigo wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. U mgonjwa?"

"La, naweka akiba ya miguu."

Mara mbwa akatokea kichakani, meno nje.

"Kanyaga, mwanangu, utaliwa!"

Jamaa akachungulia kidude: mia moja tisini na nane. "Siwezi, mama, zimebaki wati mbili tu!"

Mbwa, ambaye hakuachiwa kidude na mtu, akazamisha meno kwenye akiba ya mguu wa kulia.